Mizani imesimama wiki ya tatu baada ya upasuaji wa uzito: nani atamjibu mgonjwa aliyerudi Salale?

Miaka michache iliyopita, Mtanzania aliyetaka kupunguza uzito kwa msaada wa daktari alifikiria safari ya India. Leo mazungumzo hayo yamerudi nyumbani. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza huduma ya kuweka puto tumboni kwa watu wenye uzito uliopitiliza, na mwaka uliofuata ikaanza upasuaji rekebishi. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani, alilifanya suala la ulaji na uzito kuwa gumzo la kila siku, redioni, kwenye daladala na vijiweni.

Gumzo hilo lina sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wanawake 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Utafiti wa 2015-16 ulikuta wamefika 28. Pamoja na uzito huja kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na matatizo ya uzazi. Mambo haya si ya Masaki na Mikocheni peke yake. Yapo Kibiti mjini, yapo Bungu, na yapo huku kwetu kwenye delta.

Lakini msomaji ukifuatilia habari hizi utaona nyingi zinaishia siku ya upasuaji. Tunaambiwa huduma ipo na inafanywa na nani. Hatuambiwi sana kinachotokea wiki ya tatu, mgonjwa akiwa ameshapanda gari Mbagala, amefika Nyamisati, amevuka kwa boti hadi kwao. Ndipo anapanda mizani na kukuta uzito ni uleule wa wiki iliyopita. Wiki ijayo, uleule tena. Hapo hofu inaanza: je, pesa imepotea?

Jibu fupi ni hapana. Kusimama kwa mizani katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida kabisa, linawapata wengi wa waliofanyiwa upasuaji huu duniani kote. Hatari iko kwenye yale ambayo mtu mwenye hofu, aliye mbali na daktari wake, anaamua kuyafanya.

Tutofautishe kwanza

Watu huita kila kitu "kukata utumbo", kumbe njia ni tofauti.

Puto si upasuaji. Daktari huliingiza kupitia mdomoni, hulijaza maji au hewa, nalo hukaa tumboni likichukua nafasi ya chakula. Ni la muda. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6, nyingine baada ya mwaka. Sehemu kubwa ya uzito hupungua katika miezi 3 ya mwanzo, kisha kasi hushuka.

Upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ni wa kudumu. Katika aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayochochea njaa, kwa hiyo mtu hushiba upesi na njaa yenyewe hupungua. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kisipite kwenye sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Kunyonya mafuta au kukata ngozi iliyozidi ni jambo la tatu. Huo ni upasuaji wa kurekebisha umbo, hauugusi mfumo wa chakula. Aliyefanyiwa huo asitegemee mwendo wa uzito tunaoueleza hapa.

Hesabu ya korosho

Mkulima wa korosho wa Kibiti analijua somo hili kuliko anavyodhani. Gunia la korosho zenye unyevu linapima zaidi. Ukizianika jua kali siku tatu, uzito unashuka, na hakuna punje iliyoibwa. Kilichoondoka ni maji.

Mwili nao uko hivyo. Ini na misuli huweka akiba ya sukari inayoitwa glaikojeni, kiasi cha nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 au 4 za maji. Mtu anapoanza kula kidogo sana, mwili huichoma akiba hii kwanza, na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo mizani inaporomoka kwa kasi inayofurahisha.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama wa kilo 118, urefu sentimita 162. Tuseme mwili wake hutumia kilokalori 2,000 kwa siku, na baada ya upasuaji anaweza kula 700 tu. Pengo ni 1,300. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700. Ukigawanya, mama huyu anachoma gramu 170 hivi za mafuta kwa siku, yaani kilo 1.2 kwa wiki.

Sasa tuseme wiki mbili za mwanzo mizani imeshuka kilo 8. Kwa hesabu yetu, mafuta yaliyoondoka ni kama kilo 2.4. Nyingine ni maji, utumbo uliokuwa mtupu na misuli kidogo. Hizo kilo 8 hazikuwa ahadi kwamba kila wiki zitaondoka 4.

Wiki ya tatu mwili unaanza kujipanga. Mgonjwa ametoka kwenye maji matupu na supu, anakula uji na vyakula laini, na mwili unarudisha sehemu ya akiba na maji yake. Maji yakirudi kilo 1.2 wakati mafuta yametoka kilo 1.2, mizani itasoma sifuri. Mafuta yameendelea kuondoka wiki nzima, ila mizani haina uwezo wa kumwambia hilo.

Ongeza na mengine: chumvi ya samaki mkavu, siku za hedhi, kukosa choo siku tatu (jambo la kawaida wiki hizi). Kila kimoja kinaweza kuficha kilo moja au mbili. Ongeza pia mizani zenyewe. Ukipima zahanati leo na kesho kutwa ukapima kwa kijana mwenye mizani ya stendi Kibiti, umelinganisha mizani mbili, hujalinganisha miili miwili.

Hali hii mara nyingi huja kati ya wiki ya pili na ya sita, na hudumu wiki moja hadi tatu. Kisha uzito huendelea kushuka, kwa mwendo wa polepole kuliko mwanzo, kwa sababu mwili uliopungua unahitaji nishati ndogo zaidi.

Maneno ya nyumbani

Hesabu hiyo inaeleweka kwa anayeipata. Tatizo ni kwamba mgonjwa haishi na hesabu, anaishi na watu.

Huku pwani unene una maana yake. Mwanamke aliyenawiri anasifiwa kuwa ametunzwa, na mume wake anasifiwa kwa kumtunza. Akikonda ghafla, watu wananong'ona kuhusu ugonjwa, na kila mtu anajua ni ugonjwa gani unaokusudiwa. Kwa hiyo wengine huficha kwamba wamefanyiwa upasuaji. Na ndugu waliochangia fedha, waliouza korosho au kukopa kikoba, wanaulizia matokeo. Kukonda kunasemwa, kutokukonda kunasemwa. Mtu akiwa kati ya maneno hayo mawili, wiki tatu za mizani iliyosimama ni ndefu sana.

Ndipo yanapoanza maamuzi ya hatari. La kwanza ni kuacha kula kabisa. Mtu anayekula kidogo tayari, akipunguza tena, mwili unaanza kula misuli yake. Nywele zinakatika, nguvu zinaisha, damu inapungua. La pili ni dawa za kukondesha, chai za kusafisha tumbo na vidonge vinavyouzwa mitandaoni na mabasini. Dawa ya sibutramini iliondolewa kwenye soko la Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Tumbo lililotoka kukatwa na kushonwa si mahali pa kujaribia vitu hivyo. La tatu, ambalo linaonekana dogo, ni kukata tamaa na kuacha kwenda kliniki.

Afanye nini wiki hizo?

Maelekezo ya daktari aliyempasua ndiyo ya kwanza. Lakini mambo ya msingi yanafanana karibu kote.

Apime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, mizani ileile. Kama mizani haipo karibu, futi ya fundi cherehani inatosha: kiuno, nyonga, paja. Mara nyingi wiki ambayo mizani imegoma, kiuno kimepungua. Gauni lililokuwa linabana likivaliwa bila shida, hicho nacho ni kipimo.

Protini ije kwanza katika kila mlo. Wataalamu wengi hushauri gramu 60 hadi 80 kwa siku. Kwa Salale hili si jambo la gharama kama linavyosikika. Gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kama gramu 20 za protini au zaidi. Mayai mawili, 12. Vikombe viwili vya maziwa, kama 16. Ukiongeza maharage yaliyopondwa nusu kikombe, umekaribia 60. Wiki za mwanzo samaki atolewe miiba yote, apondwe, aliwe kwa mchuzi mwepesi. Wali na ugali, ambavyo tumezoea viwe mlima katikati ya sinia, vije baadaye na kwa vijiko. Na kula kwenye sinia moja na wenzako kuna raha yake, lakini mgonjwa huyu anahitaji sahani yake ndogo, la sivyo atafuata mwendo wa wanaokula haraka.

Vinywaji vinahitaji macho mawili. Tumbo dogo linazuia chakula kigumu, haliwezi kuzuia chai ya sukari vijiko vitatu, soda, juisi ya miwa au uji mtamu. Vyote hivyo hupita bila kushibisha. Tui zito nalo ni mafuta. Maji yanywewe kidogo kidogo siku nzima, kufikia lita moja na nusu hivi, na si pamoja na chakula. Asubiri nusu saa hivi baada ya kula.

Kutembea ni ruhusa na ni dawa, taratibu tangu siku za mwanzo. Kubeba ndoo kichwani, kutwanga, kusukuma mtumbwi uliokwama kwenye tope, hayo yasubiri ruhusa ya daktari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Familia ielewe kwamba huo si uvivu. Mshono wa ndani hauonekani, lakini upo.

Na kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika delta: mfungo wa Ramadhani ukikaribia, mgonjwa azungumze na daktari wake mapema. Katika miezi ya mwanzo, kukaa mchana kutwa bila maji kwa mtu asiyeweza kunywa mengi kwa mkupuo ni hatari ya kuishiwa maji mwilini.

Lini si kawaida?

Mizani kusimama peke yake si dharura. Ikizidi mwezi bila mabadiliko ya uzito wala ya kiuno, apange kumwona daktari au mtaalamu wa lishe, apitie upya anachokula na dawa anazotumia, kwani zipo dawa zinazoongeza uzito.

Mambo haya, kwa upande mwingine, hayasubiri siku ya kliniki: maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, au kutapika kusikoisha. Kutapika kwa siku kadhaa kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Mgonjwa akifika zahanati, aseme mapema: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo la uzito," hata kama jirani yuko kwenye benchi. Siri hii isifichwe kwa mhudumu wa afya.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe mara kwa mara. Sukari na presha zinaweza kushuka haraka kabla hata uzito haujashuka sana, na dozi ya zamani ya insulini ikawa kubwa mno. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunanunua dukani kama karanga, zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote. Na wanawake: uwezo wa kushika mimba huongezeka uzito unaposhuka, wakati ushauri ni kusubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri kwa aina fulani za upasuaji, kwa hiyo njia nyingine ijadiliwe mapema.

Mwaka wa kwanza na miaka 20

Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa uzito, wakiwalinganisha na wengine wa idadi karibu ileile ambao hawakupasuliwa. Uzito ulifika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha ukapanda kiasi na kutulia. Hata hivyo ulibaki chini sana kuliko ulivyokuwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopasuliwa.

Funzo la hapo ni kwamba matokeo haya hupimwa kwa miaka. Lakini wale Waswidi walikuwa na mtu wa kuwafuatilia. Kwetu, hapo ndipo penye swali.

Mloganzila iko kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa pili wa Dar es Salaam kwa mtu anayeingilia Barabara ya Kilwa. Kutoka vijiji vya ndani ya delta, safari inaanza kwa maji, na maji yana ratiba yake ya kujaa na kupwa. Masika, barabara nazo zina yake. Wakazi wa Rufiji na Kibiti hawajasahau mafuriko ya 2024. Kumwambia mgonjwa wa huku arudi kliniki kila anapopata wasiwasi ni kumwambia asirudi.

Nchi hii tayari inajua namna ya kufuatilia mtu kwa miaka. Mjamzito ana kadi yake. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ana kadi na tarehe, na akikosa anatafutwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaofika nyumba kwa nyumba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vipande vipo. Kinachotakiwa ni hospitali inayopasua iviunganishe kabla ya kumruhusu mgonjwa.

Karatasi moja ya Kiswahili ingetosha kuanzia: aina ya upasuaji na tarehe, dawa na vitamini, dawa zisizofaa, dalili za hatari, namba ya simu ya kliniki, na mstari mmoja usemao wazi kwamba mizani inaweza kusimama kati ya wiki ya pili na ya sita. Nakala ibaki zahanati ya karibu na kwake. Muuguzi wa zahanati hahitaji kuwa bingwa wa upasuaji ili apime uzito, presha, sukari na wingi wa damu, kisha apige simu.

Mpaka utaratibu huo uwepo, mgonjwa na familia yake wauombe wenyewe. Kabla ya kutoka wodini waulize mambo matatu na wayaandike: nimefanyiwa nini hasa, nikipata wasiwasi nampigia nani, na zahanati ya kwetu inipime nini na kila baada ya muda gani. Kama kuna ndugu anayekwenda kumsindikiza mgonjwa, kazi yake kubwa ni hiyo. Mizigo mingine itabebwa na boti.